Daftari la Viumbe: Historia ya Chama cha Elimu ya Viumbe cha Afrika Mashariki

  Walio katika vikundi nawaomba mketi vizuri, na katibu wa kikundi awe na kalamu na daftari tayari. Leo daftari hilo lina kazi kubwa kuliko siku nyingine, maana somo lenyewe ni juu ya daftari.

Mara nyingi tunapotaja historia tunafikiri habari za watawala, vita na mikataba. Leo tutazungumza habari za chama kimoja ambacho hakikuwa na askari, wala hakikutoza kodi, wala hakikupigania kiti cha mtu yeyote. Kazi yake ilikuwa kutazama ndege, nyoka, vipepeo, miti na mawe, na kuandika kilichoonekana. Chama hicho kilianza Nairobi mwaka 1909, na kipo mpaka leo. Nataka tujiulize maswali mawili. La kwanza: kuandika habari za ndege au mti kuna faida gani kwa mtu mwenye shamba na watoto wa kulisha? La pili: ni nani aliyeishika kalamu, na ni nani aliyeachwa nje ya daftari?

Haya, tuanze na chanzo chake.

Mwaka 1909 Nairobi ulikuwa mji mchanga sana. Reli kutoka Mombasa ilifika pale mwaka 1899, kwa hiyo mji ulikuwa na umri wa miaka kumi tu, na nyumba zake nyingi zilikuwa za mabati. Nchi tuijuayo leo kwa jina la Kenya iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki, chini ya Waingereza. Mwezi wa Machi mwaka huo Wazungu wachache walikutana, wengine wakiwa maofisa wa serikali, wengine wamisionari, wengine walowezi, nao wakaunda chama. Wakakiita Chama cha Elimu ya Viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Miongoni mwa waliotangulia kukiongoza alikuwa Frederick Jackson, ofisa mkubwa ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda, na ambaye alipenda ndege kuliko makaratasi ya ofisini. Mwingine alikuwa Charles Hobley, ofisa aliyeandika pia juu ya mila za Wakamba na Wakikuyu. Mwaka uliofuata, 1910, wakaanza kutoa jarida la kuchapisha yale waliyoyaona.

Kwa nini chama hicho kilihitajika? Sikilizeni jambo lililotokea mwezi mmoja tu baada ya kuundwa kwake. Mwezi wa Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na wataalamu na bunduki nyingi. Safari yake ilikusanya vielelezo zaidi ya 11,000, tangu tembo hata panya na mimea, na sehemu kubwa ikapelekwa katika jumba la makumbusho la Washington. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Kwa miaka mingi kila msafiri aliyepita nchi hizi alichukua ngozi, mifupa na majani, akavipeleka London, Berlin au kwingineko. Mtu aliyetaka kujua habari za ndege wa hapa ilimpasa apande meli aende Ulaya. Waanzilishi wa Chama waliona kwamba lazima pawe na nyumba hapa hapa ya kutunza vitu vya hapa.

Basi wakafungua jumba dogo la makumbusho, mahali palipo leo jengo la Nyayo House. Mwaka 1914 Chama kikamwajiri mtunzaji, kijana Mwingereza aliyeitwa Arthur Loveridge, mpenzi wa nyoka, mijusi na vyura. Kabla hajakaa sana vita kuu vikaanza, naye akaenda vitani. Hata huko hakuacha kazi yake. Aliendelea kukusanya nyoka na vyura. Lakini mwaka 1924 Loveridge mwenyewe alihamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akaendelea na utaalamu wake huko.

Jumba lile la kwanza likawa dogo. Mwaka 1922 likajengwa jingine mahali palipo leo hoteli ya Serena. Nalo likajaa. Ndipo tarehe 22 Septemba 1930 likafunguliwa jumba kubwa zaidi juu ya kilima, likapewa jina la Gavana Robert Coryndon, aliyefariki mwaka 1925. Baada ya uhuru jina likabadilishwa, likawa Jumba la Makumbusho la Taifa la Kenya, na kilima chenyewe mpaka leo watu hukiita Museum Hill. Kwa hiyo taasisi kubwa ya serikali tuionayo leo, yenye mafuvu ya kale na wataalamu wake, ilianza kama makabati machache ya chama cha watu wa kujitolea. Jambo hilo twapaswa kulikumbuka tunapodharau vyama vidogo.

Pengine msikilizaji mmoja sasa anasema, “Bwana mwalimu, ndege aliyekauka ndani ya sanduku atanifaa nini?” Swali hilo ni la haki. Nitalijibu kwa mfano ulio wazi, ingawa ni wa mbali kidogo. Huko Uingereza, baada ya vita vya pili, kozi walianza kupungua. Kozi ni ndege mkali, mwindaji kama mwewe. Mayai yao yalipasuka kiotani kabla ya kuanguliwa, na hakuna aliyejua sababu. Mtaalamu mmoja, Derek Ratcliffe, akaenda kwenye mikusanyo ya mayai ya zamani, akayapima na kuyalinganisha na mayai mapya. Mwaka 1967 alitangaza kwamba maganda yalikuwa yamekuwa membamba tangu miaka ya 1940, wakati dawa ya wadudu iitwayo DDT ilipoanza kutumika mashambani. Kwa nini aliweza kujua? Kwa sababu kila yai la zamani lilikuwa na kibandiko chenye tarehe na mahali. Yai lisilo na kibandiko ni ganda tu. Yai lenye tarehe na mahali ni shahidi. Na sumu iliyokuwa ikiua ndege ilikuwa katika shamba lile lile linalomlisha mwanadamu.

Hiyo ndiyo faida ya kuandika. Jambo lililoandikwa lina shahidi wa kulitetea. Jambo lisiloandikwa, likipotea, hata mazishi yake hayatajulikana.

Sasa twende kwenye swali la pili: kalamu ilikuwa mkononi mwa nani?

Hapa yafaa tuseme kweli bila kuficha na bila chuki. Kwa miaka mingi Chama kilikuwa cha Wazungu. Wengi wao walikuwa wawindaji pia, na sheria za wanyama za wakati ule zilimzuia mwenyeji kuwinda kwa desturi ya baba zake, huku mgeni mwenye leseni akiruhusiwa. Lakini je, ni nani aliyemwonyesha mgeni njia? Ni nani aliyejua kwamba ndege fulani hulia alfajiri tu, au kwamba nyoka fulani hulala chini ya mzizi wa mti fulani? Ni mwenyeji. Wachukuzi, wawindaji, wachungaji na watoto wa vijijini ndio walioleta vitu vingi mikononi mwa wataalamu. Hata hivyo, kwenye kibandiko mara nyingi liliandikwa jina la bwana mkubwa peke yake. Elimu ya mwenyeji ikaingia kabatini, jina lake likabaki nje.

Matokeo yake hayakuwa aibu tu; yalikuwa hasara. Mtu akiona kwamba msitu, wanyama na makumbusho ni mambo ya wageni, hataona sababu ya kuvilinda. Atavitazama kama mali ya jirani.

Mlango ulianza kufunguka polepole. Mwaka 1941 Louis Leakey, mwana wa mmisionari, aliyezaliwa Kabete na kusema Kikikuyu tangu utotoni, alishika kazi ya kutunza jumba la Coryndon. Wakati wake Waafrika na Wahindi wakaanza kukaribishwa kulitazama. Baada ya uhuru wanafunzi nao wakaamka. Mwaka 1968 vilianzishwa vyama vya wanyamapori katika shule za Kenya, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwingine Afrika. Watoto wengi walionyesha wazazi wao kwa mara ya kwanza kwamba simba si adui tu wa ng'ombe.

Katika Chama chenyewe, mwaka 1971 mama mmoja, Fleur Ng'weno, alianzisha matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi mjini Nairobi. Halikuwa jambo la gharama. Watu hukutana makumbusho, huamua mahali pa kwenda, hutembea, hutazama, na mwisho huandika orodha ya ndege walioonekana. Matembezi hayo yameendelea kwa zaidi ya nusu karne. Vijana wengi waliojiunga nayo bila kujua tofauti ya shorewanda na mbayuwayu wamekuwa baadaye waongozaji wa watalii na wataalamu wa vyuo vikuu. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanachama wa kujitolea wamekuwa wakishirikiana na wataalamu wa makumbusho kila mwezi wa Januari kuhesabu ndege wa maji katika maziwa ya Bonde la Ufa.

Katika miaka hiyo hiyo Chama kikaanza kujulikana nchini Kenya kwa jina la Nature Kenya, na upande wa Uganda ndugu zao wakakiamsha chama chao tena. Mwaka 1999 kikatoka kitabu cha Leon Bennun na Peter Njoroge kilichotaja mahali 60 nchini Kenya palipo muhimu kwa maisha ya ndege. Angalieni, wasikilizaji, jinsi daftari lilivyofanya kazi. Kumbukumbu za miaka 90, za wawindaji, wamisionari, wataalamu na watembezi wa Jumatano, zilikusanywa zikawa orodha moja inayosema: hapa, na hapa, na hapa, msiharibu.

Lakini orodha haizuii shoka. Jambo hilo tutaliona sasa tukishuka pwani.

Kati ya Kilifi na Malindi pana msitu uitwao Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi. Ni sehemu kubwa kabisa iliyobaki ya msitu ambao zamani ulienea pwani yetu. Ndani yake mna bundi mdogo wa Sokoke, aliyejulikana kwa wataalamu katika miaka ya 1960 tu, na mna sengi mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu. Wataalamu waliujua msitu huo kuwa hazina. Lakini wakulima walioishi ukingoni walikuwa na hesabu yao nyingine. Tembo na nyani walitoka msituni wakala mahindi yao, wala mkulima hakupata fidia ya kumtosha. Ardhi ilikuwa haba, na watoto walikuwa wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wao walitaka msitu ukatwe, wagawiwe mashamba. Tusiwacheke. Mtu ambaye msitu humletea hasara tupu, ukimwambia aupende kwa ajili ya bundi, atakuona huna akili.

Mwaka 1993, kwa ushirikiano wa Chama na makumbusho, ukaanzishwa mpango karibu na magofu ya Gede, ukaitwa Kipepeo. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Mkulima hukamata vipepeo wachache kutoka msituni kwa ruhusa, akawaweka ndani ya kizimba cha wavu nyumbani kwake. Vipepeo hutaga mayai, mayai hutoa viwavi, na mkulima huwalisha viwavi majani wanayoyataka. Kiwavi akisha kushiba hujifungia ndani ya bundo, yaani kile kifuko ambamo hujigeuza kuwa kipepeo. Mkulima huliuza bundo hilo kwa mradi, nao mradi huyapeleka mabundo kwa ndege hata Ulaya na Marekani, ambako watu hulipa kiingilio wapate kuona vipepeo hai wakiruka ndani ya nyumba za vioo.

Sasa fikirini hesabu mpya ya mkulima yule. Vipepeo hutoka wapi? Msituni. Msitu ukiisha, je? Fedha huisha. Msitu ulipata mtetezi mwenye jembe mkononi, si mwenye darubini peke yake. Sisemi kwamba shida zote zilikwisha. Tembo bado ni tembo, na njaa bado ni njaa. Lakini msitu ule haukugawanywa, nao upo mpaka leo.

Wasikilizaji, nimeliweka mwisho tukio moja ambalo naona linajumlisha historia yote hii.

Pwani hiyo hiyo ya Kilifi kuna ndege mmoja wa jamaa ya mnana, wale mafundi wa kufuma viota. Dume ana kichwa na mgongo mweusi, na tumbo la manjano. Hukaa juu katika miti ya mrihi, akitafuta wadudu. Mwaka 1913 mtaalamu Mwingereza Stephenson Clarke alimtangaza kwa ulimwengu, na kwa Kiingereza ndege huyo huitwa kwa jina la Clarke. Hapatikani mahali pengine duniani ila Arabuko-Sokoke na katika miti ya Dakatcha, kaskazini ya Mto Sabaki, nyuma ya Malindi.

Kulikuwa na fumbo. Hakuna mtaalamu aliyejua ndege huyu anajenga wapi. Kwa miezi fulani ya mwaka aliutoka msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha akarudi. Vitabu viliandika “kiota hakijulikani”, vizazi vya wataalamu vikapita, na neno likabaki vile vile. Na fumbo hilo lilikuwa hatari. Utamlindaje ndege usiyejua anakozaa? Waweza kuulinda mti anaolala, huku mahali anapozalia panalimwa mananasi au panachomwa makaa, nawe hujui kwamba umemlinda bure.

Katika Dakatcha palikuwa na kikundi cha wenyeji waliojiunga kulinda mazingira yao, wakishirikiana na Chama. Hawa ni watu wanaokaa pale siku zote, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Mwezi wa Machi 2013, wenyeji hao pamoja na Fleur Ng'weno, yule yule wa matembezi ya Jumatano, walikuta kundi la ndege hao wakijenga. Hawakujenga juu ya mirihi kama ambavyo mtu angetazamia. Walikuwa wanafuma viota katika ndago, ndani ya kidimbwi cha msimu kilichojazwa na mvua. Mvua isiponyesha, dimbwi hukauka likaonekana kuwa bonde tu lisilo na maana, ambalo mtu yeyote angeweza kulilima bila kujua ameharibu nini.

Hesabuni wenyewe: 1913 hata 2013. Miaka 100 kamili! Nusu moja ya habari ililetwa na mtaalamu wa mbali. Nusu ya pili ilingoja mpaka wenyeji wa mahali wakahesabiwa kuwa wenye chama. Na safari hii vikundi vya mahali viliandikwa katika habari hiyo. Hawakubaki nje ya kibandiko.

Basi, historia hii yatufundisha nini? Kwanza, kuandika ni kulinda. Ndege huyo bado yumo hatarini kutoweka, lakini sasa mtu akitaka kukausha dimbwi lile, kuna karatasi ya kumjibu. Pili, daftari la watu wachache halitoshi. Waanzilishi wa mwaka 1909 walifanya kazi ya kusifiwa kwa kuanza, na kosa lao lilikuwa kudhani kwamba wanaojua ni wao peke yao. Tatu, mlinzi wa kweli ni yule ambaye kitu kile kikipotea, naye amepotewa.

Wengine mtasema, “Sisi hatuna darubini wala elimu ya kitaalamu.” Hamhitaji. Kikundi chenu chaweza kuanza juma hili kwa daftari la kawaida. Kila jambo liandikwe kwa nguzo tano: tarehe, mahali, hali ya mvua au jua, kilichoonekana na idadi yake, na jina la aliyekiona. Ikiwa hamjui jina lake la kitabuni, andikeni jina la kwenu. Jina la kwenu nalo ni elimu. Andikeni siku mbayuwayu walipofika, siku kumbikumbi walipotoka, siku kisima kilipokauka, mti wa dawa ulioonekana zamani na sasa hauonekani. Waulizeni wazee na mwandike majina yao pia. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa na thamani ambayo hakuna fedha ya kuinunua, maana siku iliyopita hairudi kuhesabiwa.

Kabla hatujaagana, haya hapa ni maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Waanzilishi wa Chama walitaka nini walipofungua jumba la makumbusho Nairobi? Walifanikiwa kwa kiasi gani?

2. Kwa nini wakulima wa ukingoni mwa Arabuko-Sokoke walitaka msitu ukatwe? Kama ungekuwa mmoja wao, ungesema nini mkutanoni?

3. Mradi wa Kipepeo ulibadilisha jambo gani katika hesabu ya mkulima?

4. Kwa nini ilichukua miaka 100 kujulikana kiota cha yule mnana? Toeni sababu zaidi ya moja.

5. Tajeni kitu kimoja cha asili hapo kwenu ambacho kimepungua tangu mlipokuwa watoto. Je, kuna mahali popote palipoandikwa kwamba kilikuwapo?

Katibu wa kikundi aandike majibu ya swali la tano kwa uangalifu zaidi, pamoja na majina ya waliosema. Hilo litakuwa ukurasa wa kwanza wa daftari lenu.